Kwa Shujaa Huenda Kilio: Somo la Askari wa Afrika ya Mashariki katika Misitu ya Burma

Wazee wetu wana methali isemayo, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Maana yake ni wazi. Mwoga hukimbia, hurudi kwake salama, na jioni jamaa zake hucheka pamoja naye. Shujaa husimama mahali pake, na mara nyingi nyumbani kwake hufika habari ya msiba. Methali hii haimsifu mwoga, wala haimdharau shujaa. Yatuonyesha bei ya ushujaa, na pia yatuonyesha ni nani alipaye bei hiyo. Maana shujaa halipi peke yake, bali mama yake, mkewe na watoto wake hulipa pamoja naye.

Katika somo hili twataka kuitazama bei hiyo kwa mfano mmoja wa kweli, yaani vita walivyopigana askari wa Afrika ya Mashariki katika misitu ya Burma mwaka 1944 na 1945. Watu wengi wakisikia habari za vita hufikiri kwamba ushujaa ni kukimbilia mbele na bayoneti huku mtu akipiga ukelele. Mambo kama hayo yalikuwako, lakini yalikuwa ya dakika chache katika miezi mingi. Ushujaa uliotakiwa msituni kila siku ulikuwa wa namna tatu: kuvumilia, kujizuia, na kumbeba mwenzako. Msomaji akiyashika mambo hayo matatu atakuwa ameelewa vita vya msituni kuliko mtu anayejua majina ya bunduki zote.

JINSI VITA VILIVYOFIKA BURMA

Burma, nchi ambayo tangu mwaka 1989 jina lake rasmi ni Myanmar, iko upande wa mashariki wa Bara Hindi. Zamani zile ilitawaliwa na Waingereza. Wajapani waliingia katika Vita Kuu ya Pili mwezi wa Desemba 1941, na kufika mwezi wa Machi 1942 walikuwa wamekwisha kuuteka mji mkuu wa Rangoon. Jeshi la Waingereza na Wahindi lilirudi nyuma kwa miguu, likipita milimani mpaka Bara Hindi.

Mwezi wa Machi 1944 Wajapani walivuka mpaka na kuishambulia miji ya Imphal na Kohima iliyomo Bara Hindi. Walidhani kwamba wangeteka maghala ya chakula kabla ya chakula chao wenyewe hakijawaishia. Hawakufaulu. Tarehe 22 Juni 1944 njia ya kwenda Imphal ilifunguliwa tena, na Wajapani wakaanza kurudi nyuma wakiwa na njaa na maradhi. Katika jaribio hilo moja Wajapani zaidi ya 30,000 walikufa au walipotea, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa njaa, malaria na kuhara damu. Basi tangu mwanzo twaona kwamba katika nchi ile msitu wenyewe ulikuwa adui wa majeshi yote mawili.

Jeshi lililowafuata Wajapani liliitwa Jeshi la 14, na jemadari wake alikuwa William Slim. Ndani yake walikuwamo Wahindi, ambao walikuwa wengi kuliko wote, na Wagurkha, na Waingereza, na Waafrika. Kutoka Afrika zilikwenda divisheni tatu. Divisheni ya 81 na ya 82 zilitoka Afrika ya Magharibi, nazo zilipigana upande wa Arakan, karibu na bahari. Divisheni ya 11 ilitoka Afrika ya Mashariki. Alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru, na mkuu wake alikuwa Meja Jenerali Charles Fowkes.

Ndani ya Divisheni ya 11 zilikuwamo batalioni za K.A.R., ambazo watu wetu waliziita Keya, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, pamoja na batalioni moja ya Rhodesia ya Kaskazini. Nyasaland siku hizi ni Malawi, na Rhodesia ya Kaskazini ni Zambia. Baadhi ya askari hao walikuwa wamekwisha kupigana na Waitaliani katika nchi ya Uhabeshi mwaka 1941. Wengine walijiandikisha kwa hiari yao, wakitafuta mshahara, au kazi ya udereva, au kuona dunia. Wengine walipelekwa na machifu wao, na hawakuulizwa kama wanataka. Makabila yalikuwa mengi sana, na katika batalioni nyingi Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya amri na ya mazungumzo. Maafisa, ambao karibu wote walikuwa Wazungu, iliwapasa wajifunze lugha hiyo ili waweze kuongoza watu.

KILIO KILICHOANZIA BAHARINI

Kabla ya kufika msituni ilikuwapo bahari ya kuvuka, na huko ndiko lilikotokea pigo kubwa la kwanza. Mwezi wa Februari 1944 meli tano za kuchukua askari ziliondoka Mombasa kwenda Colombo, katika kisiwa cha Ceylon, ambacho siku hizi huitwa Sri Lanka. Moja yao iliitwa Khedive Ismail. Ilikuwa na watu 1,511. Miongoni mwao walikuwamo watu 996 wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika ya Mashariki, na pia wauguzi wanawake.

Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji iliipiga meli hiyo kwa makombora mawili. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Watu waliokuwa ndani, chini ya sitaha, hawakupata nafasi hata ya kufika juu. Walikufa watu 1,297. Waliookoka ni wanaume 208 na wanawake 6.

Hata waliofanikiwa kuruka majini hawakuwa wamepona. Manowari ya Wajapani ilijificha chini, karibu na mahali walipokuwa wakielea. Manowari mbili za Kiingereza zilizokuwa zikilinda msafara zilikuwa na amri ya kuwalinda maelfu waliokuwa katika meli nyingine nne. Basi zilitupa mabomu ya kulipukia chini ya maji, ingawa wenzao walikuwa wangali wanaogelea palepale. Manowari ya adui ilizamishwa siku hiyohiyo. Jambo hili ni zito, na si rahisi kulitolea hukumu mtu akiwa ameketi kitini. Twalitaja kwa kuwa linaonyesha jinsi vita vinavyomlazimisha mwanadamu kuchagua kati ya uchungu na uchungu.

Majina ya askari wa Afrika ya Mashariki waliozama siku ile yamo katika Ukumbusho wa Afrika ya Mashariki, ndani ya makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara ya Ngong, Nairobi. Hawakuwahi kuuona msitu wa Burma. Walakini haifai kuwasahau tuhesabupo waliotoa maisha yao katika vita hivyo.

KUVUMILIA: BONDE LA KABAW

Huko Ceylon Divisheni ya 11 ilifundishwa vita vya msituni. Mwezi wa Agosti 1944 ilipewa kazi ya kuwafuata Wajapani katika bonde la Kabaw. Bonde hili huanzia karibu na mji mdogo wa Tamu, mpakani mwa Bara Hindi, nalo huelekea kusini mpaka Kalemyo. Kutoka hapo njia huingia katika bonde jembamba la mto Myittha na kutokea Kalewa, kando ya mto mkubwa wa Chindwin. Safari yote ni karibu maili 90. Kwa motokaa katika njia nzuri ni safari ya saa chache. Divisheni ya 11 iliifanya kwa miezi minne.

Kwa nini miezi minne? Sababu ya kwanza ni mvua. Katika nchi ile mvua kubwa huanza mwezi wa Mei na huendelea mpaka Oktoba. Desturi ya majeshi ilikuwa kupumzika majira hayo, lakini Jemadari Slim aliamua kwamba Wajapani wasipewe nafasi ya kupumua. Mito ilifurika, njia ikageuka tope lifikalo magotini, na motokaa zikazama mpaka magurudumu yasionekane. Askari alilala katika maji, akaamka katika maji, akala chakula kilicholowa. Viatu vilioza miguuni. Miruba iliingia ndani ya nguo, ikashiba damu, ikaacha vidonda.

Sababu ya pili ni maradhi. Bonde la Kabaw lilikuwa limepewa jina la Bonde la Mauti kwa ajili ya malaria yake, na kwa ajili ya homa nyingine kali iletwayo na vidudu vidogo mno, mfano wa kupe, vikaavyo majanini. Ili msomaji aelewe ukubwa wa jambo hili, na atazame hesabu moja. Mwaka 1943, kabla ya Divisheni ya 11 haijafika, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa Burma kwa jeraha waliondolewa askari 120 kwa ugonjwa. Hakuna jeshi liwezalo kushinda vita kwa hesabu kama hiyo.

Dawa ilikuwa kidonge kichungu cha mepakrini, kilichomezwa kila siku na kuigeuza ngozi ya mtu kuwa ya manjano. Ilienezwa hadithi ya uongo kwamba kidonge hicho huondoa nguvu za kiume, na askari wengi wakawa wanakitupa. Jemadari Slim aliagiza damu ya askari ipimwe ghafla ili ijulikane kama wamekimeza, akawaondoa kazini wakuu watatu wa vikosi vilivyoonekana vizembe, na baada ya hapo neno lake likasikika. Hapa pana funzo. Mtu anayemeza dawa kila siku, akaosha miguu yake, akachemsha maji ya kunywa, hapigiwi makofi na mtu yeyote. Walakini katika Burma mtu huyo ndiye aliyebaki amesimama siku ya mapigano, na ndiye aliyeweza kumwokoa mwenzake.

Katika hali hiyo askari wetu waliendelea mbele. Waliingia Tamu mwanzoni mwa Agosti, wakakuta mamia ya Wajapani waliokufa, wengine wamelala majumbani na njiani bila mtu wa kuwazika. Kikosi kimoja kilikwenda mashariki mpaka Sittaung, kwenye mto Chindwin, kikafika mwanzoni mwa Septemba. Mwezi wa Novemba vikosi vingine viliiteka Mawlaik, na katikati ya mwezi huo askari wa Divisheni ya 11 walikutana huko Kalemyo na Wahindi wa Divisheni ya 5, waliokuwa wamepitia milima ya upande wa magharibi.

KUJIZUIA: ADUI ASIYEONEKANA

Sasa na tutazame namna ya pili ya ushujaa. Katika nchi tambarare askari humwona adui kwa mbali. Msituni huweza kupita hatua kumi tu kutoka kwake asimwone. Wajapani walikuwa hodari sana wa kuchimba mahandaki, wakayafunika kwa magogo mazito na udongo, kisha wakapanda majani juu yake, hata mtu akadhani ni kichuguu. Mmoja aliweza kukaa juu ya mti siku nzima na bunduki yake, akingoja afisa au mtu wa simu apite. Askari aliyetangulia mbele ya wenzake katika kijia alijua kwamba, kama kuna bombom limefichwa, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kupigwa. Hata hivyo kila siku alipatikana mtu wa kutangulia.

Usiku ulikuwa mgumu kuliko mchana. Wajapani walikuwa na mbinu ya kutuma watu wachache gizani. Watu hao walipiga makelele, walirusha fataki, waligonga vyuma, na hata waliita kwa maneno waliyoyajua. Nia yao haikuwa kushambulia. Walitaka askari walioko mahandakini waogope na kufyatua bunduki, ili miali ya moto ionyeshe mahali bombom zilipo. Asubuhi yake, au usiku uleule, shambulio la kweli lingekuja moja kwa moja mahali pale.

Basi amri ilikuwa moja: nyamaza. Kidole kitoke kwenye mtambo wa bunduki. Askari kijana aliyetoka kijijini mwaka mmoja uliopita alikaa ndani ya shimo lenye maji, giza totoro, akisikia majani yakichezacheza hatua chache mbele yake, naye asipige. Kama angepiga kwa hofu, angewauza wenzake wote. Kama angenyamaza, huenda kisu kingemfikia yeye kwanza. Kukaa kimya saa kumi katika hali hiyo ni ushujaa mkubwa, ijapokuwa hakuna mpiga picha awezaye kuupiga picha. Wahenga walisema kweli kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

KUMBEBA MWENZAKO: NJIA, MIZIGO NA DARAJA

Namna ya tatu ya ushujaa ni ile ya mabega. Jeshi halili ushujaa. Hula mchele, unga, nyama ya mkebe na chumvi. Bunduki isiyo na risasi ni rungu tu. Kwa kuwa njia zilikuwa zimezama, sehemu kubwa ya chakula na risasi iliangushwa kwa ndege za Dakota, mingine kwa miavuli na mingine bila miavuli. Ndege hizo ziliruka kati ya milima iliyofunikwa na mawingu, na baadhi yake hazikurudi. Mizigo iliyoanguka ilitafutwa msituni, ikabebwa vichwani na mabegani mpaka mbele.

Wakati huohuo njia yenyewe ilitengenezwa. Miti ilikatwa, magogo yakalazwa bega kwa bega juu ya tope maili baada ya maili, ili motokaa zipate kupita. Magogo yakizama, mengine yalilazwa juu yake. Majeruhi walibebwa kwa machela na wenzao, watu wanne au zaidi kwa machela moja, kuvuka mito na kupanda vilima vitelezavyo. Watu waliobeba machela hawakuweza kushika bunduki zao. Walijitia katika ulinzi wa wengine, ili mmoja wao asiachwe nyuma.

Katika mwezi wa Novemba mapigano makali yalitokea katika bonde jembamba la Myittha, kwa sababu Wajapani walikuwa wamejichimbia katika miinuko ya pande zote mbili. Tarehe 2 Desemba 1944 askari wa Divisheni ya 11 waliingia Kalewa. Usiku wa kuamkia tarehe 4 walikuwa wamekwisha kuanza kuvuka Chindwin na kushika ng'ambo. Ndipo wahandisi walipojenga daraja la Bailey, yaani daraja la vipande vya chuma vilivyotengenezwa viwandani na kuunganishwa palepale mtoni. Lilikuwa na urefu wa futi 1,154, na wakati ule halikuwapo daraja la Bailey refu kuliko hilo duniani. Tarehe 10 Desemba lilikuwa tayari. Juu yake majeshi mengine yalivuka kwenda kuiteka nchi ya kati ya Burma.

Divisheni ya 11 ilipumzishwa, ikarudishwa Bara Hindi. Walioingia Mandalay mwezi wa Machi 1945 na Rangoon mwezi wa Mei walikuwa wengine, na sifa za magazeti ziliwaendea hao. Lakini aliyefungua mlango ni nani? Katika kazi yoyote ya watu wengi, apandaye mbegu si lazima awe yule avunaye.

WALIOJIONYESHA ILI WENGINE WAVUKE

Miongoni mwa vikosi vya Afrika ya Mashariki vilivyobaki vitani ilikuwamo Brigedi ya 28, iliyokuwa peke yake, nje ya Divisheni ya 11. Habari zake zafaa kusomwa kwa makini.

Mwanzoni mwa mwaka 1945 Jemadari Slim alitaka kuvuka mto Irrawaddy kwa siri karibu na Nyaungu, ili aukate mstari wa Wajapani kwa nyuma. Ilikuwa lazima Wajapani waamini kwamba kivuko kitakuwa mahali pengine. Brigedi ya 28 ilipelekwa Seikpyu, kusini zaidi, mkabala wa Chauk penye visima vya mafuta. Kazi yake ilikuwa kuonekana. Ilipaswa kufanya matayarisho kana kwamba jeshi kubwa liko nyuma yake na litavuka mto hapo.

Hila hiyo ilifaulu. Tarehe 14 Februari 1945 Divisheni ya 7 ya Wahindi ilianza kuvuka Nyaungu. Wajapani walileta nguvu zao dhidi ya Brigedi ya 28, wakaishambulia kwa ukali, ikalazimika kurudi nyuma mpaka Letse. Hapo ilisimama, ikajichimbia, ikazuia mashambulio yaliyofuata.

Mtu asiyejua shauri lililofanywa angeweza kusema, "Hawa walirudishwa nyuma, basi walishindwa." Lakini kila pigo walilopigwa Seikpyu na Letse lilikuwa pigo ambalo halikuwafikia wale waliokuwa katika mashua za Nyaungu. Huo ndio maana ya neno kujitoa: kukubali kupokea mwilini mwako pigo ambalo lingemwangukia mwingine, hata kama huyo mwingine hajui jina lako.

HESABU BAADA YA VITA

Wajapani waliweka silaha chini mwezi wa Agosti 1945, na askari wetu wakaanza kurudi. Katika vita vyote, Kenya ilikuwa imetoa askari zaidi ya 90,000, Tanganyika zaidi ya 80,000, na Uganda zaidi ya 70,000. Kwa nchi zilizokuwa na watu wachache wakati ule, hiyo ni hesabu kubwa.

Somo la ukweli haliwezi kuficha yaliyofuata. Mshahara wa askari Mwafrika ulikuwa mdogo kuliko wa Mzungu aliyesimama naye katika tope moja, na hata fedha za kuagana na jeshi zilipimwa kwa rangi ya ngozi pamoja na cheo. Katika Kenya serikali ilifanya mpango wa kuwapa askari Wazungu mashamba baada ya vita. Askari Mwafrika alirudi katika hifadhi ya kabila lake, na mara nyingi alikuta ardhi imekuwa ndogo kuliko alivyoiacha. Risasi ya Mjapani haikuwa na ubaguzi, lakini hesabu ya malipo ilikuwa nao.

Jambo hilo lilikuwa na matokeo. Waruhiu Itote, ambaye alipigana Burma katika K.A.R., baadaye aliingia katika misitu ya Mlima Kenya akajulikana kwa jina la Jenerali China, mpaka alipokamatwa mwezi wa Januari 1954. Maarifa ya msituni aliyoyapata upande wa Waingereza aliyatumia dhidi yao. Wakati huohuo K.A.R. ilipigana upande wa serikali katika misitu hiyohiyo, Mwafrika akimwinda Mwafrika. Watu wa Kenya wamezungumza mengi juu ya miaka hiyo, na watazungumza zaidi. Kwa somo letu yatosha kusema hivi: ushujaa ni mali ya mtu mwenyewe. Serikali yaweza kuukodi kwa muda, lakini haiwezi kuumiliki. Na ikikosa kuulipa kwa haki, haipaswi kushangaa ukigeuka.

TUFANYE NINI SASA?

Wengi wa askari wale wamekwisha kufa kwa uzee. Karibu na Rangoon, mji ambao siku hizi huitwa Yangon, yako makaburi ya vita ya Taukkyan, na katikati yake umejengwa ukumbusho wenye majina ya watu karibu 27,000 ambao hawana kaburi linalojulikana. Waafrika wamo. Jamaa zao wengi hawajapata kufika huko, wala hawatafika.

Lakini ukumbusho hauwi wa mawe tu. Katika barabara ya Kenyatta, mjini Nairobi, zimesimama sanamu tatu za shaba, zilizowekwa mwaka 1928 kwa ajili ya Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Mmoja kati ya watatu hao ni mchukuzi wa mizigo. Aliyeamua mchukuzi asimame sawa na mwenye bunduki aliamua vyema, maana hiyo ndiyo sura kamili ya vita. Na msomaji apitapo hapo asimame kidogo atazame.

Kazi iliyo karibu zaidi iko nyumbani. Katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki kuna sanduku la zamani lenye nishani iliyopata kutu, au kitabu cha askari, au picha ya kijana aliyevaa kofia ya Keya. Yafaa vitu hivyo vitolewe, visomwe, viandikwe: jina la mzee, kijiji chake, namba yake, batalioni yake, mwaka aliokwenda na mwaka aliorudi. Wazee waliosikia habari hizo kwa masikio yao waulizwe wangali hai. Waulizwe pia habari za mama na wake walioachwa wakilima peke yao na kungoja barua ambayo huenda haikufika. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Tusifanye hivyo ili kuvipenda vita. Askari aliyeona bonde la Kabaw hakuwa na haja ya kumwambia mjukuu wake kwamba vita ni vitu vizuri. Twafanya hivyo kwa sababu methali yetu ina nusu ya pili. Kilio kilikwenda kwa shujaa. Basi, kwa uchache, jirani huenda matangani. Kukumbuka kwa ukweli, bila kutia chumvi na bila kuficha, ndiko kwenda matangani kwa watu hawa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Eleza namna tatu za ushujaa zilizotajwa katika somo hili. Ni ipi iliyo ngumu kuliko nyingine, na kwa sababu gani?

2. Kwa nini askari aliyenyamaza usiku aliweza kuwa shujaa kuliko aliyefyatua bunduki?

3. Brigedi ya 28 ilirudi nyuma kutoka Seikpyu mpaka Letse. Je, ilishindwa au ilishinda? Toa sababu zako.

4. Ikiwa watu wawili wamefanya kazi moja yenye hatari moja, yafaa malipo yao yapimwe kwa jambo gani?

5. Je, katika ukoo wako au kijiji chako yuko mtu aliyekwenda vitani akarudi, au aliyekwenda asirudi? Ni nani anayejua habari zake, na lini utakwenda kumwuliza?